Ifuate Kilo Moja ya Kahawa

Mkulima wa Kamuli, wilayani Kyerwa, anapolipandisha gunia lake la kahawa ya maganda juu ya mizani ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ipo namba moja anayoiamini: uzito. Amelibeba mwenyewe, au amelisukuma kwa baiskeli kutoka shambani, na anajua linavyolemea. Kuanzia hapo namba zinamkimbia. Bei inatajwa mnadani, makato yanaandikwa kwenye stakabadhi, ushuru unakwenda halmashauri kule Rubwera, halmashauri inaupangia matumizi, matumizi yanakaguliwa, na ukaguzi unawasilishwa bungeni Dodoma. Miezi inapita. Kikundi cha akina mama cha kijiji hicho hicho kinaomba mkopo, na jibu analorudi nalo mwenyekiti wao ni maneno mawili: hakuna fedha.

Nawaandikia wanaotaka kujua kilichopita kati ya mizani na maneno hayo mawili. Mwandishi wa redio jamii ni mmoja wao, lakini hayuko peke yake. Yupo mwalimu mwenye kompyuta ya shule, diwani aliyeingia barazani mara ya kwanza, kijana wa Nkwenda au Kayanga mwenye simu na bando la wiki. Kazi hii haihitaji cheo. Inahitaji namba zilizokwisha kutolewa na Serikali yenyewe, daftari, viatu vya kutembelea, na moyo wa kuuliza swali lile lile mara tatu bila kumkasirikia anayeulizwa.

Wengi huanza na siri. Wanamtafuta mtu wa ndani atakayewavujishia nyaraka, wanamkosa, wanakata tamaa. Ushauri wangu ni kuanza na yale yaliyo wazi. Siri nyingi zimelala katikati ya nyaraka mbili za wazi ambazo hakuna aliyewahi kuziweka mezani pamoja.

Basi tuifuate kahawa. Sheria ya fedha za serikali za mitaa inaipa halmashauri ushuru wa mazao, na kwa mabadiliko ya mwaka 2017 kiwango cha mazao ya biashara kilishuka kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Anayepaswa kuulipa ni mnunuzi. Thibitisha kwanza kiwango kilichokuwa kikitumika mwaka unaouchunguza, maana sheria za fedha hurekebishwa kila Juni, kisha chukua penseli.

Mfano wa kufikirika, wa kujifunzia tu: chama kimoja cha msingi kimeuza kilo 200,000 za maganda kwa shilingi 4,000 kwa kilo. Hizo ni shilingi milioni 800. Asilimia 3 yake ni milioni 24. Fanya hivyo kwa kila chama cha msingi kilichouza kupitia chama kikuu cha ushirika, KDCU, ndani ya wilaya, jumlisha, na utakuwa na makadirio yako ya ushuru wa kahawa. Sasa fungua taarifa ya mapato ya ndani ya halmashauri, mstari wa ushuru wa mazao. Namba mbili zinatazamana. Zikikaribiana, umejifunza jambo jema na una habari ya kuwapongeza wakusanyaji. Zikiachana sana, una swali.

Swali, nasema. Bado huna jibu, na hapa ndipo waandishi wengi huharibikiwa. Tofauti ile inaweza kuwa na sababu halali zaidi ya moja. Je, bei uliyochukua ni ya maganda au ya kahawa safi? Kilo mbili za maganda hutoa karibu kilo moja ya kahawa safi baada ya kukobolewa, kwa hiyo mtu akizidisha kilo za maganda kwa bei ya kahawa safi, hesabu yake inafura karibu mara mbili na yeye anaamini amegundua wizi. Je, miezi inalingana? Mwaka wa fedha wa Serikali unageuka tarehe 1 Julai, wakati msimu wa kahawa huvuka tarehe hiyo, kwa hiyo mauzo ya msimu mmoja huangukia vitabu vya miaka miwili. Je, mnunuzi amekwisha kulipa, au ushuru umeandikwa kuwa ni deni? Pitia maswali haya moja baada ya jingine, uyaandike na majibu yake. Tofauti itakayobaki baada ya hapo ndiyo yako.

Iko pia kahawa isiyoonekana kwenye karatasi yoyote. Wenyeji wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kuelezwa butura ni nini: mkulima mwenye shida ya ada au ya matibabu anauza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, na anayevuna ni mwingine. Wala hawahitaji kuelezwa kwamba Uganda iko ng'ambo ya Mto Kagera na kwamba bei ikiwa nzuri kule, magunia huvuka usiku. Takwimu za mnada hazina safu ya butura wala safu ya magendo. Ukizitumia kana kwamba ndizo kahawa yote ya wilaya, umewafuta watu maskini kuliko wote katika habari yako. Kwa hiyo tembea. Uliza wakulima kumi wa kitongoji kimoja waliuza wapi, lini, kwa bei gani. Mazungumzo hayo kumi hayawezi kuisemea wilaya nzima, na ueleze hivyo unapotangaza, lakini yatakuonyesha upande ambao takwimu zimeupa kisogo.

Halafu pandisha hesabu ngazi moja. Ushuru wa kahawa unaingia katika mapato ya ndani. Sheria, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya matatizo ya utoaji na urejeshaji, ikaanza tena mwaka 2024. Hapa kuna mtego mwingine wa hesabu. Asilimia 10 hupigwa baada ya kuondoa mapato lindwa, yaani yale ambayo tayari yana kazi yake maalumu, kama michango ya huduma za afya. Mwandishi asiyejua neno mapato lindwa atatangaza kwamba halmashauri imeiba, na siku ya pili mweka hazina atamwaibisha hewani kwa sentensi moja.

Umeona ulipofika? Umeanza na gunia moja, umefika kwa akina mama waliojibiwa hakuna fedha, na njiani unaweza kuwaambia ni fedha kiasi gani zilipaswa kuwapo. Sijui njia bora zaidi ya kumfanya msikilizaji aliye shambani aijali bajeti ya halmashauri. Ukimsomea mabilioni anasinzia. Mwambie katika kila elfu kumi anayolipa mnunuzi wa kahawa, shilingi mia tatu ni za halmashauri, na katika mia tatu hizo thelathini zimetengwa kwa ajili ya mikopo ya vikundi kama kile cha mkewe, ataongeza sauti ya redio.

Mto Kagera nimeutaja, na ng'ambo yake kuna kisa ambacho kila mwandishi wa mpakani angefaa kukijua. Katika miaka ya 1990 Uganda ilikuwa ikipeleka ruzuku katika shule za msingi kupitia serikali za wilaya. Vitabu vya Kampala vilionyesha fedha zimetoka. Mwaka 1996 watafiti walitembelea shule 250 na kulinganisha vitabu vya hazina na vitabu vya walimu wakuu. Walipopiga hesabu ya miaka ya 1991 hadi 1995, wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson waliona kwamba shule zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ile isiyo ya mishahara. Kilichobaki kiliishia njiani.

Serikali ya Uganda ikachukua hatua isiyo na gharama kubwa: ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kuzitaka shule kubandika ukutani zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80. Wapo wachambuzi waliosema baadaye kwamba sifa yote isipewe magazeti, kwa sababu utaratibu mzima wa fedha za elimu ulikuwa ukirekebishwa miaka hiyo hiyo, na nadhani wana hoja. Lakini utafiti wenyewe ulionyesha jambo linalotuhusu sana sisi wa pembezoni: shule zilizokuwa karibu na mahali gazeti linapouzwa zilifaidika zaidi kuliko zilizo mbali. Taarifa ilipofika ndipo fedha zilipofika. Gazeti la Dar es Salaam likifika Kamuli limekwisha kuwa la jana au juzi. Karatasi ya ukutani na redio ndiyo magazeti yetu.

Na redio tunazo. FADECO ya Karagwe, iliyotokana na juhudi za Joseph Sekiku za kuwapelekea wakulima maarifa na habari za masoko, ilikwisha kuonyesha miaka mingi iliyopita kwamba bei ikisomwa hewani mkulima anasimama tofauti mbele ya mchuuzi. Nashauri kusogea hatua moja: ikisomwa bei, zisomwe pia fedha zilizopelekwa kwa kila kijiji na kila shule, kwa jina, taratibu, mara mbili, kama vinavyosomwa vifo na salamu.

Kwa shule, hesabu ni nyepesi na kila mzazi anaweza kuifanya. Utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza Januari 2016 uliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Shilingi 4,000 kati ya hizo zilibakizwa juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikapangiwa kwenda shuleni. Hizo ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye watoto 800 ingetarajia shilingi 400,000 kila mwezi. Muulize mwalimu mkuu kwa heshima zimeingia ngapi, na idadi ya watoto iliyotumika ni ya mwaka gani, maana watoto huongezeka na orodha hubaki ile ile. Kisha fungua matokeo ya Baraza la Mitihani, yanayotolewa shule kwa shule, utazame waliosajiliwa na waliofanya mtihani. Wanaopungua kati ya namba hizo mbili ni watoto wenye majina na nyumba. Mimi ningeanza na hao kabla ya kutazama nani ameongoza.

Sasa maji, ambayo yana somo chungu zaidi.

Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Wizara ya Maji iliendesha kazi kubwa ya kuorodhesha vituo vya maji vya vijijini nchi nzima: kila kituo na mahali kilipo kwenye ramani, mkoa, wilaya, kata, aliyekijenga, aliyekifadhili, na kama kinatoa maji. Orodha ile iliwekwa wazi, na sehemu yake ikageuzwa kuwa shindano la kimataifa la watu wanaojifunza kuchambua data. Katika vituo 59,400 vya sehemu hiyo, 32,259 vilikuwa vinafanya kazi, 4,317 vilihitaji matengenezo, na 22,824 vilikuwa vimekufa. Karibu vinne katika kila kumi. Vijana wa mabara mengine, wasioweza kuionyesha Kagera kwenye ramani, wamekesha wakikisia kwa kompyuta kama pampu fulani ya Karagwe inatoa maji au imekauka. Mimi sijakutana na kamati ya maji ya kijiji iliyowahi kuiona orodha hiyo. Linaniuma. Data yetu imesafiri dunia nzima ikaturuka sisi.

Ukiifungua orodha hiyo, au takwimu zozote za miaka ile, usishangae kuikosa Kyerwa. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwa hiyo katika sensa ya mwaka 2002 na nyaraka nyingi zilizofuata, Kamuli iko chini ya Karagwe. Anayelinganisha Karagwe ya 2002 na Karagwe ya 2022 bila kukumbuka hilo ataona watu wamepungua na shule zimetoweka, ataandika habari ya ajabu, na habari hiyo itakuwa uongo mtupu. Kata nazo zimegawanywa. Tengeneza mapema jedwali lako dogo: kijiji hiki kilikuwa kata gani mwaka gani, wilaya gani. Ni kazi ya siku mbili pamoja na wazee na mtendaji wa kata, na itakuokoa kwa miaka kumi.

Orodha ya zamani ina matumizi mazuri kuliko watu wanavyodhani. Usiitumie kusema hali ilivyo leo. Itumie kama picha ya harusi: unaibeba, unakwenda nyumbani kwa wenyewe, unauliza nani bado yupo. Chagua vituo 15 vya kata moja, vitembelee vyote, andika tarehe, piga picha, muulize mama anayechota ni lini maji yalikatika mara ya mwisho na nani alikuja kutengeneza. Kile kilichoandikwa kimekufa na leo kinatoa maji, mtafute aliyekifufua, maana ameshinda jambo ambalo wengi wameshindwa. Kile kilichoandikwa kizima na leo kimekauka, uliza chombo cha watumia maji kinakusanya kiasi gani kwa mwezi na fedha ziko benki gani. Tangu mwaka 2019 RUWASA, wakala wa Serikali, ndiyo yenye jukumu la maji vijijini, kwa hiyo swali la mwisho lina mlango wa kubisha.

Hapo utajaribiwa kuchukua njia ya mkato: kuwaambia wasikilizaji watume ujumbe wa simu kila bomba linapoharibika. Shirika la Daraja lilijaribu hivyo katika mradi wa Maji Matone, likitarajia ujumbe 3,000, na miezi sita ya majaribio ikaleta 53. Walikuwa waungwana, wakatangaza wenyewe kwamba wameshindwa, na wametufaa sisi sote. Watu hawatumi taarifa kwa mtu ambaye hawajamwona akifanya lolote nayo. Aliyewahi kulalamika mara nne bila fundi kuja hatakulipia hata shilingi ya ujumbe wa tano. Kwa hiyo nenda wewe kwanza, rudi na jibu, wasikie jibu hilo hewani. Baada ya hapo simu zitaita zenyewe.

Nimeuweka hapa katikati waraka ambao wengine wangeanza nao, kwa sababu bila mazoezi ya kahawa na maji unatisha: ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ofisi yake inatajwa na ibara ya 143 ya Katiba. Kila mwaka hukabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, Aprili zinawasilishwa bungeni, na tangu siku hiyo ni mali yako. Ile ya mamlaka za serikali za mitaa ina halmashauri zaidi ya 180. Usiisome kama kitabu. Tafuta neno Kyerwa, kisha neno Karagwe, nakili kila sentensi na kila mstari wa jedwali yanapojitokeza, ukiandika na namba ya ukurasa. Fanya hivyo kwa miaka mitano. Hoja iliyojirudia miaka mitano ina thamani kuliko hoja mpya yenye fedha nyingi, kwa sababu inakuambia kuna mtu aliyeahidi kurekebisha na hakurekebisha.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu nimelisikia likipotoshwa mara nyingi mno. Halmashauri inapotangaza kwamba imepata hati inayoridhisha, au hati safi kama wenyewe wanavyopenda kusema, haimaanishi kwamba fedha zote zilitumika vizuri. Maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vinaonyesha hali halisi kwa viwango vya uhasibu. Zahanati iliyosimama kwenye renta kwa miaka mitatu inaweza kuandikwa kwa usahihi kabisa katika vitabu vyenye hati safi. Mwandishi anayeishia kwenye hati ameishia getini. Ingia ndani, kwenye hoja. Mlango wa kwanza wa kuingilia ni baraza maalumu la madiwani la kujadili hoja za mkaguzi, ambalo kwa kawaida hufanyika karibu na Juni. Vikao vya baraza ni vya wazi. Kaa mstari wa mbele na nakala yako yenye kurasa zilizowekwa alama.

Kwa anayeona ripoti nzima ni nzito, taasisi ya WAJIBU, iliyoanzishwa na Ludovick Utouh baada ya kustaafu ukaguzi mkuu, hutoa matoleo mepesi kwa wananchi. Yatumie kuelewa, lakini nukuu ripoti yenyewe.

Tukumbuke pia kilichotokea mwaka 2018. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini, alichukua ripoti ya ukaguzi ya mwaka 2016/17, akatoa matumizi kwenye makusanyo, akauliza ziko wapi shilingi trilioni 1.5. Ilikuwa hesabu ya kutoa, ya darasa la tatu, kutoka kwenye waraka ulio wazi kwa wote, nayo ilitikisa nchi. Serikali ikaja bungeni na maelezo yake ya kihasibu, na mabishano yakaendelea muda mrefu. Mimi ninachojifunza ni mambo mawili kwa pamoja. Mwananchi ana haki ya kutoa hesabu na kuuliza. Na kabla hajauliza hadharani, ajiandae kwa kila maelezo ya kihasibu yanayoweza kuja, ayatafute mwenyewe, ayaweke ndani ya habari yake.

Sheria nazo zimepanda na kushuka, na mwandishi azijue kama dereva anavyojua kona za barabara ya Omurushaka hadi Murongo. Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi mwaka 2011, ikajitoa mwaka 2017. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyofanya kuchapisha takwimu bila kibali, au zinazopingana na zile rasmi, kuwa hatari ya jela. Kelele zikapigwa, Benki ya Dunia ikiwemo, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena. Leo unayo haki ya kukusanya na kutoa takwimu zako. Ilinde haki hiyo kwa kueleza kila mara ulivyozipata: ulitembelea vituo vingapi, lini, uliuliza nani, nini hukukiona. Maelezo hayo ya mistari minne ndiyo ngao yako.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakukumbusha jambo ambalo utu ungekukumbusha hata bila sheria. Kiasi kilichopelekwa kwenye kaya za kijiji kupitia TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, ni habari ya umma. Jina la bibi fulani anayepokea, na ugonjwa wake, si vyako. Katika vijiji vyetu hata kusema mjane mwenye ulemavu anayeishi jirani na kanisa ni kumtaja jina. Badilisha maelezo, au muombe ruhusa, au muache.

Na kabla ya kurusha chochote, nenda kwa wanaotuhumiwa na karatasi zako zote. Wapelekee namba kwa maandishi, wape siku za kutosha, pokea majibu yao na uyasome hewani kwa uzito ule ule. Mara nyingine mhasibu wa halmashauri atakuonyesha kosa lako, nawe utashukuru ulimwendea kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mara nyingine atakaa kimya. Ukimya wake utautaja pamoja na tarehe uliyopeleka barua.

Barua ni silaha isiyotumika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Ikikataa, itoe sababu kwa maandishi. Zipo taarifa zilizozuiwa, zikiwamo za usalama wa taifa na za upelelezi unaoendelea, lakini mapato ya ushuru wa kahawa hayamo. Sheria hiyo hiyo inakataza kupotosha taarifa uliyopewa, na adhabu yake ni nzito, kwa hiyo kinachonukuliwa kinukuliwe kilivyo.

Barua nzuri ni fupi na inaomba kitu kimoja kinachoshikika. Ukiandika naomba taarifa za matumizi ya fedha za halmashauri, umeomba ghala, nao watakujibu njoo kesho mpaka uchoke. Andika hivi: Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa kata ya Kamuli. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya taarifa ya makusanyo ya ushuru wa kahawa kwa kila chama cha msingi, mwaka wa fedha huu hadi huu, pamoja na orodha ya vikundi vya kata ya Kamuli vilivyopata mkopo wa asilimia 10 katika kipindi hicho, kiasi na tarehe. Weka jina, namba ya simu na sahihi. Toa nakala mbili. Moja iache masjala ya mkurugenzi, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani uiweke kwenye mfuko wa nailoni mvua isije ikaifuta. Halafu hesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, ukizikata moja moja kwa kalamu.

Siku ya 31 ikifika bila jibu, rudi Rubwera na ile nakala yenye muhuri, uombe kwa maandishi mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi. Akikunyima tena, rufaa inakwenda kwa waziri. Wakati unasubiri, mizani ya AMCOS bado ipo, vituo vya maji bado vipo, na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi kusomwa mbele ya watu. Muulize mtendaji wa kijiji chako wa mwisho ulifanyika tarehe ngapi.